Namna ya Kuishiwa Mafuta Angani: Mwongozo kwa Kijana wa Kiboriloni

Kijana wa Kiboriloni, Moshi, akiamua kusomea urubani, habari hufika sokoni kabla hajamaliza kujaza fomu. Mama wa mitumba atamwambia asisahau kupunga mkono akipita juu ya soko. Mjomba atauliza kwa sauti ya chini ada ni shilingi ngapi, kisha atageuza mazungumzo aanze kuulizia mvua. Vijana wa kijiweni peke yao ndio hawatashtuka. Kwao ndege ndogo ni pikipiki iliyoota mabawa: ina injini, ina tanki, ina geji muongo, na ina mwenyewe anayesubiri hesabu yake jioni.

Nami nilitokea kijiweni. Kabla sijashika usukani wa Cessna 152 nilikuwa nimeendesha Boxer ya mtu miaka miwili, nikipeleka abiria kati ya Kiboriloni na stendi ya mjini, siku nyingine nikipandisha magunia ya mbolea hadi Old Moshi huku gurudumu la mbele likitaka kuaga ardhi. Kwa upande wa mafuta nilijiona nimehitimu. Niliingia na elimu hiyo darasani nzima nzima, na leo naigawa bure kwa wadogo zangu wanaotaka kuishiwa mafuta angani kwa wepesi na bila kusumbua watu.

Anza kwa kununua mafuta kwa hela. Kijiweni hakuna anayenunua lita. Unafika sheli, unasema "niwekee ya buku tatu," kijana wa pampu anaweka ya buku tatu. Yatakufikisha wapi? Yatakufikisha yatakapoishia. Ukipata abiria wa Himo, nauli yake ndiyo itakayonunua mafuta ya kurudia. Utaratibu huu una akili zake, na asiucheke mtu ambaye hajawahi kupeleka hesabu ya bosi: kuna faida gani kulaza elfu kumi kwenye tanki la pikipiki isiyo yako?

Ihamishie akili hiyo kwenye uwanja wa ndege. Mwalimu akikuuliza una mafuta kiasi gani, jibu, "Yanatosha, Kapteni." Ni jibu zuri kwa kuwa halina kipimo, na kisicho na kipimo hakikosolewi. Yeye lakini atataka umjibu kwa saa na dakika. Marubani wana ugonjwa huo. Hawanunui mafuta, wananunua muda. Cessna 152 ikitulia angani hula kama lita 23 kwa saa, kwa hiyo mtu akiwatajia lita 23 wao husikia saa moja.

Tuseme umepangiwa zoezi la Moshi hadi Tanga na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 270. Ndege ina matangi mawili, moja kila bawa, na kwa pamoja yanachukua galoni 26 za Kimarekani, yaani lita 98 na ushee. Mwanafunzi mvivu anaishia hapo, naye ndiye tunayemtafuta. Kitabu cha ndege kinaendelea kusema kwamba zinazotumika ni galoni 24 na nusu tu, lita 93 kasoro. Zile karibu sita zilizobaki zimo tankini lakini hazifiki kwenye injini kwa uhakika. Ziko kama pesa ya kwenye simu siku mtandao umekata: salio unaliona, chai hupati.

Sasa upepo. Ndege inakwenda kilomita 175 kwa saa, na kukiwa shwari utatumia saa tatu na dakika tano kwenda na kurudi. Miezi ya kusi upepo unatokea kusini-mashariki, upande wa bahari. Unakupiga usoni ukienda na kukusukuma mgongoni ukirudi. Kijiweni tungesema ngoma droo. Weka upepo wa kilomita 35 kwa saa kisha upige hesabu kwa kalamu, si kwa midomo: kwenda ni saa moja na dakika 56, kurudi ni saa moja na dakika 17. Jumla, saa tatu na dakika 13. Upepo umekukopa dakika 23 asubuhi na kukulipa 15 jioni. Nane umedhulumiwa, na hakuna baraza la kata la kupeleka kesi hiyo. Sababu ni kwamba upepo wa usoni unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko unavyokaa na ule wa mgongoni. Jambo lenyewe ni dogo, ila lilinichukua wiki nzima kulikubali.

Muda huo ni lita 74. Ongeza tano za kuwasha, kutembea uwanjani na kupanda juu mara mbili. Halafu ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linataka mwenye ndege ndogo anayeruka mchana kwa kuona kwa macho afike akiwa bado na mafuta ya nusu saa, na usiku dakika 45. Nusu saa ni lita 12. Tumefika 91, na tunazo 93 kasoro. Zimebaki lita mbili hivi, dakika tano.

Kijana wa kijiweni ataitazama hesabu hii aseme: si inafika? Inafika. Uzuri wake ndio huo. Inafika kama hukupotea njia hata kidogo, kama uliipunguzia injini petroli sawasawa ulipofika juu, kama Tanga hawakukuzungusha hewani kusubiri ndege kubwa itue, na kama kilele cha Kibo hakijavuta blanketi lake la mawingu hadi mjini Moshi na kukulazimisha uelekee uwanja wa KIA kuulizia nafasi. Mtu mwoga hujaza tena Tanga. Wewe si mwoga, na petroli ya ndege ni ghali.

Kuna pia suala la mzigo, na hapo sisi watu wa mlimani tuna kipaji. Matangi yakijaa pomoni, petroli inayotumika peke yake ni kilo 67. Kinachobaki kwa watu wawili na vitu vyao ni kama kilo 175, kutegemea ndege yenyewe. Mwalimu wa kilo 85, mwanafunzi wa kilo 80, na mkungu wa ndizi ambao mama amesema lazima umfikie shangazi Tanga. Kitu kimoja lazima kishuke. Mkungu haushuki, mama yuko pale pale ukutani anatazama. Mwalimu hashuki. Basi punguza mafuta. Na kama ni saa nane mchana, jua la Moshi limefika nyuzi 30, kumbuka kwamba uwanja ulio mita 850 juu ya bahari huigeuza ndege ijione iko mita 1,600. Kwa hewa hiyo nyepesi inainuka kwa shida kama mzee anayetoka kitini baada ya mbege. Lakini usimwambie mama.

Njia nyingine ya haraka ni kuchanganya kile ambacho tanki linabeba na kile kilichomo tankini. Hapa naomba niweke mzaha chini kidogo. Tarehe 23 Novemba 1996 watu watatu waliteka Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakamwamuru Kapteni Leul Abate awapeleke Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta hayafiki huko hata robo ya njia. Hawakumsadiki, walikuwa wameona kwenye jarida la ndani ya ndege kwamba aina hiyo huweza kuruka saa nyingi bila kutua. Jarida lilisema kweli kuhusu ndege, halikusema lolote kuhusu siku ile. Injini zilizima juu ya Bahari ya Hindi, na ndege ikaangukia majini karibu na ufuko wa Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125.

Turudi uwanjani. Jambo la pili, amini geji.

Kijiweni hatuiamini hata siku moja. Tunaishika pikipiki kwa pembe zake, tunaitikisa, tunasikiliza: chwa, chwa, chwa. Mwenye sikio zuri anakwambia hiyo ni ya kufika Mwika au ni ya kufika sheli tu. Lakini nilipoingia kwenye ndege niliona haya kutikisa kitu cha thamani ile, nikasema geji ya ndege haiwezi kudanganya, imetengenezwa Marekani. Baadaye nikaja kusoma kwamba sheria ya huko huko Marekani ilitaka geji isome sifuri pale yanapobaki yale mafuta yasiyotumika. Yaani mahali inapobanwa zaidi kusema kweli ni pale ambapo hutaki kabisa kuisikia ikisema.

Asubuhi yangu ya tatu nilimwambia Kapteni kwa kujiamini, "Geji zote mbili ziko katikati."

"Umeona kwa macho?"

"Nimeona geji, Kapteni."

"Sijakuuliza habari za geji, kijana wangu. Panda."

Mabawa ya Cessna yako juu ya kichwa, kwa hiyo unahitaji ngazi. Nikapanda, nikafungua kifuniko, nikazamisha kijiti chenye alama hadi kikagusa chini, nikakitoa. Petroli ya ndege ni ya baridi vidoleni na hukauka kama spiriti ya nesi. Wakati naigeuza ile fimbo nitafute namba, unyevu ulikuwa umeshapanda hewani, fimbo kavu, mimi nimeduwaa. "Soma upesi," akaniambia toka chini, "haikusubiri wewe." Nikazamisha tena. Chini ya robo. Nikahamia bawa la kulia: zaidi ya nusu. Geji zilisema katikati na katikati.

Nilidhani nimegundua wizi. Kapteni akanionyesha magurudumu. Ndege ilikuwa imelala usiku kucha mahali penye mwinamo, bawa la kulia likiwa chini, na kwa kuwa matangi ya ndege hii yanawasiliana, petroli ilikuwa imehamia kwa jirani kama mgeni anayefuata harufu ya nyama. Tukaisukuma hadi pa tambarare, tukasubiri, tukapima upya. Kwenye miteremko ya mlima huu hata kijiti kinadanganya, usipokiuliza ndege ikiwa pa tambarare. Hiyo nusu saa nzima mwanafunzi mwenzangu alikuwa anatutazama kwa huruma akiwa kivulini. Yeye alikuwa ameangalia geji na amemaliza.

Ikiwa lazima ukague, basi kagua harakaharaka. Chini ya bawa kuna kitundu chenye springi. Unakisukuma na kikombe cha plastiki angavu, petroli inadondoka kidogo, unainua kikombe kwenye mwanga. Petroli inayohusika hapa ina rangi ya buluu iliyofifia, kama maji ya kusuuzia mashuka meupe yaliyotiwa buluu ya kufulia. Maji yakiwemo hukaa chini, kwa kuwa ni mazito, yakiwa shanga ndogo isiyo na rangi inayotembea ukiinamisha kikombe. Maji hayo hutoka wapi? Hutoka hewani. Usiku baridi ya mlima ikishuka, hewa iliyofungiwa ndani ya tanki lenye nafasi hutoa jasho kwenye kuta, na jasho linateremka. Pipa lililobaki nusu hufanya vivyo hivyo, na kifuniko kichakavu wakati wa masika hufanya zaidi.

Mwongozo wangu unasema: ukiona hakuna mstari wala shanga, shukuru Mungu na uondoke. Niliufuata mwenyewe. Siku moja Kapteni alinikabidhi kikombe kimejaa akasema, "Niambie unaona nini." Nikakiinua kuelekea jua. Kitu kimoja, safi, hakina shanga, hakina mstari, hakina uchafu.

"Safi kabisa, Kapteni."

Akakichukua, akakinywa chote, akafuta midomo. Yalikuwa maji ya kunywa, ya chupa. Mstari hauonekani kama hakuna viwili vya kutenganisha. Tangu siku hiyo natazama rangi kwanza, kisha nanusa, kisha ndiyo natafuta shanga. Lakini hayo ni yangu. Wewe fuata mwongozo.

Kuhusu rangi na harufu, sisi Watanzania hatuhitaji mwalimu. Tulikuwapo enzi za kuchakachua, petroli na dizeli zikiongezwa mafuta ya taa kwa kuwa ya taa yalikuwa na kodi ndogo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili biashara hiyo ikose utamu. Waliolipa ni bibi zetu wa vibatari, lakini hiyo ni makala nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa mafuta ya taa, yule ndugu aliyesoma. Akiingia kwenye tanki la Cessna yenye injini ya petroli, injini itawaka vizuri kwa mafuta yaliyokuwa bado kwenye mabomba, itakutembeza hadi mwanzo wa njia ya kurukia, pengine itakuinua. Halafu itaanza kugonga. Dawa ni karatasi: dondosha tone, subiri. Petroli inakauka na kuondoka bila kuaga. Mafuta ya taa yanaacha alama ya mviringo yenye ung'avu, sawa na ile inayobaki kwenye gazeti baada ya maandazi mawili. Mtu aliyefunga maandazi utotoni ameshafaulu mtihani huu.

Sasa tunafika mahali ninapopapenda kuliko pote, na ndiyo maana nitakawia.

Chini ya bawa la kushoto la Cessna 152, karibu na nguzo inayolishikilia, kuna kibomba kimejikunja, kimechungulia nje, hakina kazi inayoonekana. Ni pua ya tanki. Petroli inaposhuka kwenda kwenye injini, hewa lazima iingie kuziba pengo. Isipoingia, petroli husita, na injini nayo husita. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanakipenda kibomba hicho kuliko kitu chochote uwanjani. Ndege ikikaa siku chache bila kuruka, wanaanza ujenzi bila kibali. Mwongozo huu unakushauri uwaache. Kila kiumbe kinahitaji nyumba.

Aliyelipia somo hili alikuwa mtu wa Afrika Mashariki. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902 lakini alikulia Njoro, Kenya, kwa baba yake mfuga farasi wa mashindano, akiwinda na kucheza na watoto wa Kinandi. Kuruka alifundishwa Nairobi na Tom Campbell Black. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni njia nzima, ndani ya Percival Vega Gull iliyosongwa matangi ya ziada hadi kwenye kibanda cha abiria. Redio hakuwa nayo. Matangi yale hayakuwa na geji. Ilibidi aache moja likauke kabisa, injini izime, ndipo afungue la pili. Fikiria usiku, mvua, bahari chini, injini kimya, nawe unapapasa koki gizani.

Alikaa hewani zaidi ya saa 20, akaiona nchi kavu ya upande wa pili. Halafu injini ikaanza kukohoa. Tanki la mwisho lilikuwa bado na petroli, ila pua yake ilikuwa imezibwa na barafu. Ndege ilishukia kwenye matope ya Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada, ikapiga pua chini na kuinua mkia. Beryl akatoka na jeraha la paji la uso na jina kwenye historia: mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake toka mashariki kwenda magharibi.

Nilipokuwa nasomewa mkasa huu darasani wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu, nikaulizwa kulikoni. Sikuweza kueleza kwa Kiingereza. Pikipiki kijiweni hufanya hivyo hivyo kila masika. Kile kitundu cha kifuniko cha tanki kinajaa tope, pikipiki inatembea kilomita mbili kisha inazima ilhali tanki limejaa. Abiria anaanza kulalamika. Dereva hasemi kitu. Anashuka, anafungua kifuniko, fyuuu, hewa inaingia, anafunga, anapiga kiki, safari inaendelea. Hajui jina la Beryl Markham wala hajui Cape Breton iko wapi, lakini ugonjwa ule angeutaja kabla injini haijapoa. Tofauti ni kwamba yeye ana pembezoni mwa barabara pa kusimama.

Na ni hapo elimu yangu ya kijiweni ilipoanza kunitoa jasho, kwa sababu karibu yote ilikuwa sahihi. Ilikuwa imetegemea tu zile nyasi za pembeni mwa barabara.

Mfano ni kulaza. Pikipiki ikizima kwa kukosa mafuta, kwanza unageuza koki kwenye rizevu. Ikizima tena unailaza ubavu, matone yaliyojificha upande wa pili yanavuka, unaisimamisha, unafika sheli ukitabasamu. Jaribu ustadi huo kwenye ndege ambayo mafuta yake yanakaribia sakafu ya tanki. Unakuja kutua, uko juu kuliko inavyotakiwa, unaishusha kwa kuiteremsha ubavu, bawa moja chini, pua imegeuzwa pembeni, na unakaa hivyo muda mrefu. Petroli kidogo iliyobaki inakimbilia pembeni mwa tanki, inaliacha tundu la kutokea likivuta hewa. Kilichokuwa kinamwokoa mwenye Boxer ndicho kinachokuzimia injini ukiwa usawa wa miti.

Kupuliza tankini sikushauri. Wengine wameshajaribu kwenye pikipiki, waulizwe.

Hatua ya mwisho, ambayo bila hiyo zote zilizotangulia zinaweza kuharibika, ni aibu. Ilinde. Kijiweni hakuna fedheha kubwa kama kuonekana unasukuma pikipiki kupita mbele ya soko, mama wa mitumba wakikuuliza kama umeanza mazoezi. Angani kuna maneno yaliyowekwa kwa ajili hii. Ukiona ucheleweshaji mwingine wowote utakula mafuta yako ya akiba, unauambia mnara kwamba mafuta yako ni ya kiwango cha chini. Ukiona utatua ukiwa umeshaanza kuyala, unatangaza Mayday ya mafuta, na kila mtu anakupisha. Maneno hayo hayalipiwi. Lakini yanasikika na marubani wote walio kwenye masafa hayo, akiwamo yule mwenzako wa kivulini. Kwa hiyo nyamaza. Pita juu ya viwanja viwili vizuri vyenye njia ndefu, kwa sababu gari lako umeliacha Moshi. Sema moyoni, "Nimeshaona taa ikiwaka na bado nikafika Himo."

Mimi nilisema hivyo mara moja. Mafuta yalikuwapo, ni mimi sikujua kuwa yapo, na dakika 18 za mwisho nilizitumia kutazama mashamba ya mpunga ya Lower Moshi nikichagua jaruba la kulalia. Tulipotua Kapteni alinikabidhi kijiti bila kusema neno. Nikapanda. Ilikuwa imebaki petroli ya dakika 50. Akaniuliza, "Ungejua hivyo kule juu, ungekuwa mtu wa namna gani?" Sikumjibu. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

Jioni hiyo nilichukua bodaboda kurudi nyumbani. Dereva alikuwa kijana mdogo, sikumfahamu, pikipiki yake ina maua ya plastiki kwenye taa. Tulipokaribia Kiboriloni injini ikakata. Akageuza koki, ikaenda kidogo, ikakata tena. Akailaza, akaisimamisha, hakuna. "Samahani bosi, dakika moja." Mbele kidogo palikuwa na meza ya mbao yenye chupa za petroli, chupa zile zile za maji ya kunywa, na mama mmoja amekaa nyuma yake anachambua mchicha.

"Shikamoo mama. Nipe moja."

Akapewa. Nilidhani ataimimina. Akaiinua hadi usawa wa macho, akaigeuzia jua linalozama, akaiinamisha taratibu upande huu na upande huu, macho kwenye kitako cha chupa. Akafungua, akanusa. Akadondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akalipuliza, akautazama ukucha.

"Hii ina maji, mama. Naomba ile ya nyuma."

Mama akampa ile ya nyuma, naye akaanza upya, toka mwanzo.